Mlima wa Mau Juu ya Ubao wa Plaiwudi

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwerevu tu, aliniambia majuzi tukinywa chai karibu na soko la Nakuru kwamba reli ya zamani ni nyembamba kwa sababu mkoloni alikuwa bahili. Ile pana ya SGR ikifika huku, akasema, hii ing'olewe, vyuma viuzwe kwa kilo, tuendelee na maisha. Wenzake wakacheka. Sikumjibu pale. Nilimwambia aje nyumbani Jumamosi nimwonyeshe meza.

Meza yenyewe ni ubao mmoja wa plaiwudi, ule wa kawaida wa futi nane kwa nne, umekaa juu ya miguu ya saipresi ya Elburgon. Juu yake nimejaribu kwa miaka kumi na moja kujenga kipande cha reli kati ya Mau Summit na Londiani. Milima ni magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano. Mataruma, au slipa kama tulivyoyaita landhini, kwenye makazi ya wafanyakazi wa reli, ni njiti za kiberiti zilizopakwa oili chafu. Injini inaendeshwa na mota iliyotoka kwenye redio kaseti, na umeme wake wa volti 12 unatoka kwenye betri ya gari, kwa hiyo stima ikipotea mtaa mzima mimi bado nasafiri.

Mtu anayetengeneza treni za mfano huanza na hesabu kabla ya kushika koleo. Kipimo ninachotumia ni cha 1 kwa 87, kinachopendwa na wengi duniani. Reli yetu ina upana wa mita moja kamili, yaani milimita 1,000. Gawanya kwa 87, unapata milimita 11 na nusu, ambazo kwa jicho ni 12. Sasa chukua umbali wa Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, uugawanye vivyo hivyo. Unahitaji meza ya karibu kilomita mbili na nusu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Mau Summit inapita mita 2,500, na ziwa liko chini kwenye mita 1,130 na kidogo. Kwa kipimo changu, treni ingepanda karibu mita nane kutoka Nakuru, halafu iteremke mita kumi na sita hadi Kisumu. Hilo ni jengo la ghorofa tano. Mke wangu alishakataa hata meza ya pili.

Basi unadanganya. Unachagua kona moja, daraja moja, stesheni moja, na yaliyobaki unayaacha ukutani kama picha. Ila kuna kitu kimoja ambacho plaiwudi haikubali kudanganywa, nacho ni mwinuko. Nikipandisha reli kwa sentimita 2 katika kila mita, urefu wote wa ubao unanipa sentimita tano tu. Nikitaka njia ipite juu ya nyingine nahitaji saba. Nikiusimamisha mlima zaidi, magurudumu yanazunguka bure na injini inabaki palepale ikilia. Kijana alipokuja Jumamosi ndicho kitu cha kwanza alichokiona: mabehewa matano, injini imekwama kwenye kona ya tatu. Bila kuulizwa akaokota nati kubwa ya lori mezani akaiweka juu ya injini. Ikapanda. Nikamwambia, umeelewa sehemu ya kwanza: chuma juu ya chuma hushika kwa uzito. Sehemu ya pili ni kona.

Hapo ndipo hoja ya ubahili inapoanza kuyumba. Magurudumu mawili ya treni yamefungwa imara kwenye ekseli moja, hayana difu kama ya matatu. Kwenye kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, lakini yanalazimika kuzunguka sawa. Katika kugeuka robo duara, kwenye reli ya mita moja gurudumu la nje husafiri mita 1.57 zaidi ya la ndani. Kwenye reli pana ya milimita 1,435, tofauti ni mita 2.25. Umbo la gurudumu, lililochongwa kama koni iliyokatwa, hufidia sehemu ya tofauti hiyo. Inayobaki inakuwa msuguano, kelele na chuma kulika. Kona ikikaza, tofauti ileile inabanwa ndani ya mita chache zaidi. Kwa hiyo reli nyembamba inaweza kujikunja pale ambapo reli pana ingedai ukate mlima au utoboe handaki. Treni ya Nakuru kwenda Kisumu inafuata mabega ya mabonde kama ng'ombe anavyofuata kijia, na si kwamba mhandisi alilewa.

Je, fedha hazikuhusika? Zilihusika sana. Upana wa mita ulitoka India, ambako kulikuwa na reli za namna hiyo pamoja na vichwa, mabehewa na mafundi wanaozijua. Lakini kama lengo lilikuwa ubahili, ulishindwa vibaya: makadirio ya mwanzo yalikuwa pauni milioni 3, na kazi ikaishia kwenye milioni 5 na nusu. Mabonde ya Mau peke yake yalidai madaraja marefu ya chuma kiasi kwamba oda ya madaraja 27 ilipelekwa Marekani, kwa American Bridge Company, kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa ghali na wazito wa kuleta. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, yaani Kisumu ya leo. Kisumu mpaka leo wanabishana kama Florence huyo alikuwa mke wa George Whitehouse, mhandisi mkuu, au mke wa Ronald Preston, mama ambaye ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho. Nimeshuhudia chai ikipoa kwa sababu ya ubishi huo.

Tuangalie pia majirani wa kipimo chetu. Uswisi kuna reli iitwayo Rhätische Bahn, ya upana uleule wa milimita 1,000. Inavuka milima ya Bernina bila reli ya meno, ile ya kati inayosaidia treni kupanda, kwa mwinuko wa mita 7 katika kila mita 100, na kilele chake kiko mita 2,253. Mau Summit ni juu kuliko hapo. Timboroa, kwenye njia ya kwenda Eldoret, ni juu zaidi. UNESCO iliiweka njia ya Bernina kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, watu wanapanda ndege kwenda kuitazama, na sijasikia Mswisi akisema ing'olewe kwa kuwa ni nyembamba. Reli nyingi za Japani zina upana wa milimita 1,067. Afrika Kusini, kwa upana huohuo, treni za madini kutoka Sishen hadi bandari ya Saldanha huvuta mabehewa zaidi ya 300 kwa mkupuo. Upana ni jambo moja. Uzito wa chuma, ubora wa kokoto na anayekagua mataruma ni mambo mengine, na kwetu ni hayo ya pili yaliyolala usingizi kwa miaka mingi.

Nikiri kwamba sizungumzi kama hakimu. Nilizaliwa landhini Nakuru. Baba alikuwa mtu wa gengi, wale wanaotembea na nyundo na spana kando ya reli wakisikiliza chuma. Alikuwa akigonga reli na kujua kwa sauti kama nati imelegea, kama vile mama anavyogonga nazi. Mimi na wenzangu tulitengeneza magari ya waya kama watoto wote, lakini yangu yalikuwa treni: mikebe ya Kimbo imelazwa, vifuniko vya soda ndiyo magurudumu, kamba ya katani ndiyo kulabu. Behewa moja nililipaka rangi ya damu ya mzee, ile iliyokuwa rangi ya reli za Afrika Mashariki, kwa lipstiki ya shangazi. Nilichapwa.

Na kulikuwa na Garratt. Msomaji ambaye hakuiona nitampa picha hivi: injini ya kawaida ya mvuke hubeba boila juu ya magurudumu yake, kwa hiyo boila haiwezi kunenepa sana, hasa kwenye reli nyembamba. Mwingereza Herbert William Garratt aliomba hati miliki mwaka 1907 ya wazo tofauti. Weka injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake, kisha ninginiza boila katikati kama machela kati ya wabebaji wawili. Chini ya boila hakuna gurudumu, kwa hiyo linene litakavyo, na mnyama mzima anajipinda kwenye kona kama jongoo. Mbili za kwanza zilijengwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1909 kwa ajili ya kisiwa cha Tasmania, kwenye reli ya futi mbili tu.

Wazo hilo likafika kilele chake hapa kwetu. Daraja la 59 (daraja hapa ni aina ya injini), injini 34 zilizojengwa 1955 na 1956, zilikuwa na uzito wa tani 252 kila moja, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hapakuwahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu zaidi kwenye reli ya mita moja, popote. Boila lake lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mara mbili ya upana wa reli lililokuwa likipita juu yake. Uwanja wao mkubwa ulikuwa Mombasa hadi Nairobi. Kila ekseli ilibeba karibu tani 21 na njia za magharibi zilikuwa na chuma chepesi. Sisi tulipata wadogo zao, daraja la 60, Garratt nyepesi zinazoweza kukanyaga reli ya Kisumu bila kuivunja. Usiku zikiondoka Nakuru kuelekea Njoro ungesikia mapigo mawili, ya injini ya mbele na ya nyuma, yanaanza pamoja, yanaachana, yanakutana tena. Nililala kwa wimbo huo. Sijui mtoto wa leo analala kwa nini, pikipiki, nadhani.

Sasa nije kwenye hii burudani yenyewe, maana wapo wanaosema treni za mfano ni mchezo wa Wazungu wenye pesa na vyumba vya chini ya nyumba. Kuhusu pesa wana haki. Injini moja ya dukani inaweza kula mshahara. Lakini tazama vipimo vyenyewe na utagundua jambo la kuchekesha. Waingereza hupenda kipimo wanachokiita OO: treni ya 1 kwa 76 juu ya reli ya milimita 16.5. Zidisha, unapata reli ya mita 1 na robo, wakati reli yao ya kweli ni milimita 1,435. Walikosea kwa makusudi, kwa sababu mota za zamani hazikuenea ndani ya vichwa vyao vidogo, na kosa likabaki kuwa desturi. Upande mwingine, kampuni ya Lehmann ya Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1968 ilitoa treni za bustani za LGB: reli ya milimita 45, kipimo cha 1 kwa 22.5. Zidisha tena. Mita moja. Kichezeo maarufu zaidi cha bustani za Ulaya kina upana sahihi wa reli ya Nakuru, na si wa reli kuu za huko kwao. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akaja kuangalia kama babu ni mzima.

Kwa hiyo mtoto wa Kibos, karibu na Kisumu, anayetaka kuijenga stesheni yake kwa usahihi haombi kitu cha ajabu. Vipimo vipo tayari. Kinachomkosesha ni michoro, na ruhusa ya kusogea karibu.

Hili la ruhusa lina historia. Miaka michache iliyopita nilikwenda kupima nguzo za daraja moja la upande wa Londiani, na futi ya fundi mkononi, daftari kwapani. Askari akanitokea. Nikamweleza, mzee mzima, kwamba natengeneza daraja dogo nyumbani. Alinitazama kwa huruma kubwa. "Mzee, sema tu ukweli. Chuma unauza wapi?" Sikumlaumu. Vyuma vya reli vimeibwa sana nchi hii, na yeye alikuwa amewekwa pale kuvilinda. Lakini nilirudi na daftari tupu. Ilinijia njiani kwamba katika nchi yetu mtu anayeipenda reli na mtu anayeiba reli wanafanana kwa mbali: wote wawili wanainama, wanapima, wanaangalia nyuma.

Kwingine haikuwa hivyo. Mwaka 1951, huko Wales, reli ndogo ya machimbo ya mawe iitwayo Talyllyn, upana wa milimita 686, ilikuwa inakufa. Watu wa kawaida wakajitolea, wakaiendesha wenyewe siku za mapumziko, na ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na wapenzi wake. Wanaendelea mpaka leo. Moja ya zile Garratt mbili za Tasmania nayo ilifika Wales na ikavuta abiria. Sisi tuna makumbusho ya reli Nairobi tangu 1971, na mle ndani mna Mount Gelai ya daraja la 59 na wenzake, na ninawashukuru waliowaacha wasikatwe. Nakuru na Kisumu, miji iliyozaliwa na reli, haina hata banda la vitu hivyo.

Kuna anayesema hatuna haja ya kuipenda, maana ilijengwa kutunyonya. Simpuuzi. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India na 2,498 kati yao wakafa kazini. Wanandi wanasimulia kwamba orkoiyot, kiongozi wao wa kiroho, Kimnyole, aliiona kabla haijaja, nyoka wa chuma anayetema moshi. Koitalel arap Samoei aliongoza upinzani mpaka Oktoba 1905 alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, kwenye mkutano ulioitwa wa amani, na watu wake wakasukumwa mbali na ardhi iliyopakana na njia ya reli. Kona ninayoijenga kwa njiti za kiberiti haiko mbali na nchi hiyo. Rafiki yangu mmoja wa Kipkelion alikuja kuitazama meza yangu, akakaa kimya, kisha akauliza: "Na wale waliokuwa wakizikata nyaya za simu, umewaweka wapi?" Sikuwa nimewaweka. Sasa wapo, watu watatu wa waya, nyuma ya kichaka, na nguzo moja ya simu haina nyaya. Mzungu mwenye LGB bustanini hana swali kama hilo la kujibu. Sisi tunalo, na kwangu hilo linazidisha sababu ya kuhifadhi, kwa kuwa ushahidi ukiuzwa kwa kilo tutabaki tunabishana kwa midomo.

Turudi kwa kijana na reli pana. SGR ilifungua safari za Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika karibu na Naivasha. Hapo ikasimama, na mpango wa kuifikisha Kisumu na Malaba umejadiliwa miaka na miaka. Wakati wa kusubiri, ikabidi kujengwa kipande kifupi cha reli ya mita kuiunganisha na njia ya zamani, ili makasha yahamishwe kutoka behewa pana hadi jembamba. Njia ya Nakuru hadi Kisumu ikakarabatiwa, na Desemba 2021 abiria wakapanda tena treni ya Kisumu. Yaani mzee aliyeambiwa amekufa ndiye aliyeitwa kubeba mzigo. Pale bandarini Kisumu kuna MV Uhuru, meli iliyoanza kazi mwaka 1966, yenye reli kwenye sitaha yake; mabehewa yanaingia melini yakiwa na mzigo wake na kutoka Port Bell, Uganda, yakiendelea na safari. Reli zile za sitaha ni za mita moja. Atakayeng'oa reli nyembamba ziwani ajue anaifuta na meli hiyo.

Sisemi reli pana isije. Ni ya kasi na inabeba zaidi, na ikitoboa Mau kwa mahandaki nitakwenda kuitazama nikiwa wa kwanza, na mjukuu begani kama mgongo utakubali. Kijana pia alinibana kwa swali zuri: "Babu, Kisumu mtafika saa ngapi?" Treni inachukua usiku mzima mahali ambapo matatu inafika kabla ya chakula cha mchana. Kwa abiria mwenye haraka sina jibu. Lakini mahindi, mbolea, sukari na saruji havina haraka, na watu wa Maseno, Luanda na Yala, kwenye tawi la kilomita 69 la Kisumu hadi Butere lililomalizwa 1930, hawahitaji kasi ya kilomita 120 kwa saa. Wanahitaji treni inayosimama.

Ninachoomba mimi ni kidogo kuliko hicho. Kabla ya chuma chochote kukatwa, daraja lolote kati ya yale 27 kubadilishwa, stesheni yoyote ya mbao kubomolewa kati ya Njoro na Kibos, ipimwe, ipigwe picha, na michoro iwekwe kwenye maktaba za Nakuru na Kisumu mahali ambapo mwanafunzi ataifungua bila barua tatu za utambulisho. Siku chache kwa mwaka mafundi watufungulie yadi, tuingie na futi zetu mchana kweupe, askari akiwepo. Kijana amekubali kubeba ngazi. Bado anasema reli ni nyembamba mno, lakini amekuja Jumamosi tatu mfululizo, na juzi aliniuliza nguzo mbili za katikati za daraja langu ziko wapi. Nikamwonyesha daftari, ukurasa wa Londiani, ambao hauna kitu.